Maumivu Yasiyo na Kidonda

Baada ya kuacha shule nilikuwa mtu wa kuhamahama. Nilitoka milima ya Kisii, nikakata miwa huko chini ya Fort Ternan, nikachoshwa na joto, nikapanda juu kwenye baridi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini nilipofika kwenye shamba moja la chai si mbali na Sigowet, nikapewa kikapu, eproni ya nailoni na chumba cha mbao kando ya zizi. Fujo za mpakani kati ya Wakisii na Wakipsigis zilikuwa zimetulia, lakini majirani wengine hawakufurahi kuona Mkisii akipewa kazi pale. Mwenye shamba aliwaambia kwamba alikuwa akitafuta mtu wa kuchuma chai, hakuwa akitafuta mkwe. Wakacheka, na mambo yakaishia hapo.

Watu wazima wa boma lile walikuwa watatu. Kulikuwa na mwenye shamba, mkewe, na mama yake mwenye shamba, ambaye wote tulimwita kogo, yaani nyanya. Watoto walikwenda shule mapema na kurudi jioni. Kwa hiyo mchana kutwa, katika mistari ya michai, tulikuwa sisi wanne, na baada ya muda mfupi nikagundua kwamba kwa kweli tulikuwa watatu na nusu.

Nusu alikuwa mke. Sikuelewa mara moja. Nilichokiona kwanza ni kwamba akiitwa kutoka ubavuni hageuzi shingo. Aligeuka mwili mzima, miguu na yote, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Asubuhi alichukua muda mrefu kufunga eproni, kwa sababu mikono haikutaka kwenda nyuma ya mgongo. Alinyanyua sufuria ndogo ya chai kwa mikono miwili. Wiki moja alishika bega, wiki nyingine nyonga, kisha magoti, kisha akarudi kwenye bega. Nilizoea maumivu yanayokaa mahali pamoja. Wakati fulani kule kwenye miwa nilipondwa kidole na gari la kukokotwa na trekta, na kile kidole kilikuwa na adabu, kiliuma palepale kilipopondwa mpaka kikapona. Ya huyu mama yalitembea.

Kitu kingine ni usingizi. Alilala mapema kuliko sisi sote na kuamka amechoka. Nilimsikia akimwambia kogo, "Nimelala, lakini ni kama sikulala."

"Basi ulikuwa unafanya nini huko kitandani?" kogo akamwuliza.

"Nimelala."

"Ulisema hukulala."

Mama hakuwa na njia ya kulieleza jambo lile likasikika kuwa la maana, na kogo hakuwa mtu wa kumsaidia mwingine kutafuta maneno.

Kogo alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani na kuning'inia. Alichuma chai kwa kasi iliyonitia aibu mimi kijana. Kwa maoni yake, mkaza mwanawe alikuwa mvivu, na alikuwa na sababu zake. Yeye alizaa asubuhi na jioni akakamua ng'ombe. Hilo alilisema mara nyingi. Mvua ya mawe ikikaribia, kama inavyofanya alasiri nyingi kule Kericho, mama alianza kuumwa kabla hata mawingu hayajafika, na akasema, "Mawe yanakuja." Mara nyingi yalikuja.

"Apelekwe kwenye redio," kogo alisema, "atangaze hali ya hewa. Huko watu hukaa wakilipwa."

Mimi nilicheka. Mama naye alicheka kidogo, akiwa ameshika kiuno.

Asifikiri mtu kwamba hakutibiwa. Zahanati ilimpa dawa ya malaria. Haikusaidia, wakampa ya taifodi. Hiyo nayo ilipokwisha wakasema ni brusela, kwa sababu katika nchi ya ng'ombe mtu akiumwa mwili mzima na kuchoka, jina la kwanza linalokuja mdomoni ni brusela. Akadungwa sindano kwa wiki kadhaa. Tukaambiwa sote tusinywe maziwa kabla hayajachemka. Kogo aliendelea na mursik wake, maziwa yaliyoganda, kutoka kwenye kibuyu, akasema kwamba alikuwa akiyanywa maziwa hayo kabla wale madaktari hawajaota meno. Sindano zikaisha. Mama akabaki vilevile, ila sasa alikuwa na uchungu wa sindano juu ya ule mwingine. Wanawake wa kanisa walikuja kumwombea. Alipona siku mbili, kisha akarudi kule alikokuwa.

Mimi nilipenda sana kujua mambo. Niliacha shule lakini sikuacha kuuliza. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa sukari, nilisoma maandishi ya mifuko ya mbolea. Kwa hiyo nilimwuliza mama, tukiwa tumeinama kwenye mstari mmoja, hayo maumivu yanafanana na nini.

Alifikiri huku vidole vikiendelea kukata majani mawili na chipukizi. "Umewahi kupata homa kubwa?"

"Ndiyo."

"Ile asubuhi ya kesho yake, homa imeondoka lakini mwili umebaki kama umepigwa."

"Ndiyo, naijua."

"Hiyo. Lakini kesho yake haiji."

Mwenye shamba hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu wengine niliowasimulia kisa hiki walimhukumu haraka. Alikuwa mtu wa vitu vinavyoonekana. Ng'ombe akichechemea, aliinua ukwato akatafuta mwiba. Mchai ukinyauka, alifukua mzizi. Mke wake alisema anaumwa, naye akatazama bega, hakuna uvimbe. Akatazama goti, hakuna jeraha. Akamsikiliza akipumua, anapumua vizuri. Shamba lilikuwa dogo na majani hayangoji mtu. Yakipita siku zake yanakuwa magumu, na kwenye kituo cha kununulia majani karani huyatupa. Kila kikapu ambacho mkewe hakujaza, mtu mwingine alikijaza au kilipotea.

Kisha ikaja habari kwamba daktari wa viungo atafika katika kliniki ya kanisa, upande wa barabara ya kwenda Kericho. Alikuwa Mkenya aliyesoma ng'ambo, na alikuwa akija mara chache tu, kwa urafiki wake na mchungaji. Jioni moja tukila, mwenye shamba alimwambia mkewe mbele yetu sote:

"Huyo ndiye wa mwisho. Akisema unaumwa, unaumwa, na mimi nitanyamaza. Akisema huna kitu, utarudi kwenye kikapu kama watu wengine, na sitaki kusikia neno hili tena katika boma langu."

"Sawa," mama akasema.

"Nimesema wa mwisho."

"Nimesikia, baba watoto."

Ndipo nikaona jinsi jambo lilivyokuwa kubwa kwake. Hakuwa akienda kupona tu. Alikuwa akienda kuamuliwa kama tangu hapo, katika nyumba yake, neno lake kuhusu mwili wake litakuwa na uzito au halitakuwa na uzito tena kamwe.

Siku ya kliniki ilikuwa pia siku ya kupeleka majani kituoni, kwa hiyo mwenye shamba hakuweza kwenda. Kogo alisema yeye ndiye atakayempeleka. Nadhani alitaka kusikia kwa masikio yake mwenyewe daktari akisema kwamba hakuna kitu. Nikatumwa mimi pia, kwa kuwa nilijua kusoma na Kiswahili changu kilikuwa na nguvu kuliko cha kogo, nilete nyumbani maneno ya daktari bila kuyapunguza.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba cha kanisa kilichokatwa katikati kwa shuka iliyotundikwa kwenye kamba. Upande mmoja ulikuwa na mabenchi ya wanaongoja, upande wa pili daktari. Shuka haikufika chini. Nilikaa benchi la mbele kabisa, nikawa nasikia kila neno, na chini ya shuka niliona miguu. Kulikuwa na viatu vyeusi vya daktari, raba za kogo, na miguu ya mama, mitupu, kwa sababu aliambiwa avue sandali zake.

Daktari hakuwa na haraka. Alikuwa tayari na majibu ya damu iliyotolewa kule zahanati wiki zilizotangulia, akasema damu ni safi. Akakunja magoti ya mama, akakunjua, akamwambia sasa anazungusha viwiko. Akasema viungo ni vizuri, havijavimba, si baridi yabisi. Kisha akamwuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Maumivu yana muda gani? Yako upande mmoja au pande zote mbili? Juu ya kiuno na chini yake? Anaamkaje? Anasahau vitu? Mama akajibu kila swali kwa sauti ndogo.

"Sasa," daktari akasema, "nitakubonyeza kwa kidole gumba mahali pengi. Shingoni, mabegani, viwikoni, nyongani, magotini. Mahali pakiuma, uniambie. Ni hilo tu."

"Sawa, daktari."

Viatu vyeusi vikazunguka nyuma ya kiti. "Hapa?"

Kimya.

"Hapa?"

"Ni sawa."

"Na hapa?"

"Ni sawa tu."

Akaendelea. Aliuliza mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa kimya au "ni sawa". Sauti ya mama ilikuwa imetulia kabisa, kuliko nilivyowahi kuisikia shambani. Nilianza kuhesabu kichwani maneno nitakayompelekea mwenye shamba. Yalikuwa machache na mabaya.

Hapa inanipasa nieleze kitu ambacho wenyeji hawahitaji kuelezwa. Wanawake wa umri wa mama, katika nchi ile, walipitia tohara ya wasichana. Siku hizo makanisa yalikuwa yakiipinga, na mabinti wengi wa wakati huo hawakuipitia, lakini yeye aliipitia. Mimi ni mwanamume tena mgeni, sikuwa na ruhusa ya kujua mengi. Ninachojua ni kile ambacho wanawake walikisema waziwazi wakichuma: kwamba msichana hakutakiwa kulia, kukunja uso, wala kupepesa jicho, na kwamba palikuwa na wanawake waliosimama mbele yake kumwangalia tu. Aliyepepesa, aibu ilimfuata yeye, mama yake, na nyumba atakakoolewa. Na kogo, enzi zake, alikuwa mmoja wa wale wanaoangalia. Kisu kilikuwa kazi ya wengine. Yeye aliitwa kwa ajili ya macho yake.

Kwa hiyo mle ndani mgeni alikuwa akimbonyeza mama mahali panapouma na kumwambia aseme, na aliyesimama mbele yake alikuwa kogo. Hata angetaka, nadhani mdomo usingefunguka. Alikuwa amefundishwa somo hilo mara moja tu maishani, lakini alilishika.

Daktari akavuta kiti, akakaa. "Mama, kwa namna unavyonieleza, nilidhani najua ugonjwa wako. Lakini nikikubonyeza huna maumivu. Kwa hiyo sina jina la kukupa."

Raba za kogo zikasogea mbele.

"Daktari," kogo akasema kwa Kiswahili chake, "wewe naangalia mdomo."

"Nifanyeje, mama?"

"Mdomo ya huyu haiwezi sema. Hata ukichoma yeye na moto. Angalia mguu."

"Mguu?"

"Kidole ya mguu. Mimi nimeona. Wewe nabonyeza huku juu, kidole nakunja huko chini. Kila mahali wewe nabonyeza."

Niliitazama ile miguu chini ya shuka. Nilikuwa nimeitazama muda wote. Ilikuwa mbele yangu kabisa, karibu kuliko ilivyokuwa kwa daktari, na sikuwa nimeona chochote.

Daktari hakukasirika. Alicheka kidogo, akamwomba kogo ainame aangalie yeye miguu, na akaanza upya. Sasa hakuuliza "hapa?" tena. Alitaja mahali kwa sauti, akabonyeza, na kogo akasema "ndio" au "hapana". Akabonyeza katikati ya paji la uso, kogo akasema "hapana". Akabonyeza ukucha wa kidole gumba, "hapana". Shingoni, "ndio". Bega la kulia, "ndio". La kushoto, "ndio". Nyonga, kiwiko, upande wa ndani wa goti, "ndio, ndio, ndio." Kufikia hapo niliviona mimi pia. Vidole vya mama vilijikunja ndani kama mkono unaoficha sarafu, kisha vikafunguka polepole kidole cha daktari kikiondoka.

Mama alianza kulia bila sauti. Nilijua tu kwa sababu nilimsikia daktari akimwambia achukue kitambaa.

Kisha akamtajia jina. Lilikuwa neno refu, fibromialjia. Kogo alijaribu kulisema, likamshinda katikati, akaliacha.

"Ni mfupa?" akauliza.

"Si mfupa."

"Ni damu?"

"Damu yake ni nzuri."

"Basi ni kichwa. Yeye nafikiria tu."

"Hapana, mama. Maumivu ni ya kweli kabisa. Una mbwa nyumbani?"

"Iko."

"Mbwa mzuri hubweka mwizi akija. Sasa chukua mbwa ambaye anabweka mwizi akija, anabweka paka akipita, anabweka jani likianguka, usiku kucha. Mwizi hayupo. Lakini kelele ipo, na hamlali. Mwili wa huyu uko hivyo. Mishipa inayopeleka habari ya maumivu inapiga kelele kubwa kuliko jambo lenyewe."

"Mbwa kama hiyo mimi nauza," kogo akasema.

"Huyu hauzwi," daktari akasema, na wote wakacheka, hata mama.

Aliniita nipite upande wa pili nisikilize vizuri, kwa kuwa mimi ndiye nitakayepeleka habari. Nakumbuka maelezo yake karibu yote kwa sababu niliyarudia njia nzima. Ni maumivu ya mwili mzima, pande zote mbili, juu na chini, yaliyokaa miezi mitatu au zaidi. Pamoja nayo kuna uchovu, usingizi usiopumzisha, na wakati mwingine kusahausahau. Hakuna kipimo cha damu kinachoyaonyesha wala picha ya eksrei. Daktari anayajua kwa kusikiliza, kwa kubonyeza, na kwa kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo. Hayaui na hayalemazi viungo. Kwa nini humpata huyu na si yule, alisema bado hawajui vizuri.

"Itaisha?" mama akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Siwezi kukuahidi. Inaweza kupungua sana. Kuna siku zitakuwa nzuri na siku zitakuwa mbaya, na siku nzuri haimaanishi kwamba ile mbaya ilikuwa uongo."

Akampa vidonge vidogo vya kunywa jioni ili usingizi uwe mzito. Akamkataza kubeba kikapu kikubwa, lakini pia akamkataza kulala kitandani mchana kutwa. Afanye kazi kidogo, apumzike kabla hajachoka, atembee kila siku. Nilimwuliza daktari kama mtu anaweza kuumwa bila kuumia. Alinitazama, akasema ndiyo, hilo ndilo swali lenyewe. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia, naye akamwita mgonjwa mwingine.

Tulirudi kwa miguu, kwa sababu daktari alikuwa amesema atembee, na kogo aliamua kuanza kutii hapohapo. Tulipofika kwenye mikaratusi inayopakana na chai, mama alisimama. Akamwambia kogo jambo kwa Kikipsigis. Mimi nilikuwa nimeishi nao vya kutosha kuelewa.

"Usimwambie juu ya vidole."

Kogo akamtazama.

"Mwambie daktari amesema ninaumwa," mama akasema. "Inatosha. Usimwambie kwamba nilikunja vidole."

Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa akiomba. Miaka ile yote alivumilia kuitwa mvivu. Lakini kuambiwa kwamba alibonyezwa na kidole cha mtu na mwili wake ukatikisika, hilo lilikuwa zito kuliko uvivu. Ili aaminiwe ilibidi aonekane ameshindwa mbele ya mtu aliyewahi kusimama kuhesabu walioshindwa.

Kogo akashika njia tena. Kisha akasema, "Ile ya zamani ilikuwa ya asubuhi moja. Jua lilipopanda ilikuwa imekwisha na watu wanakula."

"Najua."

"Hii ina miaka mingapi?"

Mama akageukia michai, mwili mzima.

"Hakuna aliyewahi kukufundisha kuvumilia miaka," kogo akasema. "Wala mimi sikufundishwa."

Mwenye shamba alikuwa amekwisha rudi kutoka kituoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, amevua buti, miguu imepauka kwa unyevu. Aliniuliza mimi, si mama yake. "Wamesema nini?"

Nikaanza na lile neno refu. Nikaona uso wake ukifunga mlango. Neno kama lile, kutoka kwa mtu aliyesoma ng'ambo, lingeweza kuwa kitu chochote. Nikaendelea na damu safi, viungo vizuri, na kila nilichosema kilizidi kumharibia mama. Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa vitu visivyopatikana.

"Kwa hiyo hakuna kitu," akasema.

"Nyamaza, wewe Mkisii," kogo akaniambia. Akamgeukia mwanawe. "Anaumwa. Nimemwona kwa macho yangu."

"Umeona nini, mama?"

Mama wa watoto alikuwa amesimama mlangoni akiwa na sandali mkononi.

"Nimeona kile nilichokuwa nikiitwa kukiangalia," kogo akasema. "Na mimi sijawahi kukosea. Kama ningekuwa nakosea, wewe hungepewa huyu kuwa mke, kwa sababu siku ile nilimwangalia mimi, na hakupepesa. Leo amepepesa. Sasa fikiri mwenyewe ni maumivu ya namna gani."

Mwenye shamba aliokota buti lake moja, akatoa udongo kwenye mifereji ya soli kwa kijiti, akatoa wote, kisha akaokota la pili. Mama aliingia ndani. Baada ya muda mrefu mwenye shamba akauliza, "Hivyo vidonge ni vya kabla ya chakula au baada?"

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Vidonge vilimsaidia kulala, na alipolala maumivu yalipungua. Lakini ugonjwa ulikuwa mjanja kama daktari alivyosema. Kulikuwa na harusi kanisani, mama akaimba na kucheza na wanawake wenzake mpaka jioni, na siku tatu zilizofuata hakuweza kuchana nywele zake. Majirani waliomwona akicheza walikuwa na maneno. Mwenye shamba mwenyewe alitikisika. Nilimsikia akimwambia kogo kwamba mtu anayeweza kucheza anaweza kuchuma.

"Na aliyekwambia siku mbaya ni uongo ni nani?" kogo akamjibu. Alikuwa akilirudia neno la daktari kana kwamba ni lake tangu kuzaliwa.

Mimi niliendelea kulitafuta lile neno. Nilipopita Kabianga siku moja, mwalimu mmoja aliniruhusu nitazame kamusi yake nene ya Kiingereza. Neno halikuwamo. Kamusi ilikuwa ya zamani. Nilirudi nikamwambia mama kwamba ugonjwa wake haumo katika kitabu.

"Basi wataandika kingine," akasema, akaendelea kupepeta mahindi, ameketi, mguu mmoja umenyooshwa kwa sababu siku ile nyonga ndiyo ilikuwa ikiuma. Nilijua kwa sababu aliniambia. Siku hizo alikuwa ameanza kusema. "Leo ni nyonga," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayesema leo ni Jumanne.

Niliondoka msimu wa baridi ulipokwisha. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuniwasha, na nilikuwa nimesikia kuna kazi upande wa Bomet. Siku yangu ya mwisho nilibeba majani pamoja na mwenye shamba mpaka kituoni. Kabla ya kupima, majani humwagwa chini kwenye gunia na kuchambuliwa, yale magumu yatolewe. Kazi hiyo pale ilifanywa na wanawake. Wanaume walisimama kando wakiongea siasa na bei ya maziwa. Mwenye shamba alimwaga kikapu chake, akapiga magoti kati ya wake za watu, akaanza kuchambua.

"Aisee!" mmoja wa wanaume akaita. "Leo wewe ndiye umeolewa?"

Wengine wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, anatafuta chakula cha jioni."

"Mama watoto yuko wapi?" wa kwanza akauliza. "Bado ile ya malaria?"

"Anaumwa," mwenye shamba akasema.

"Anaumwa nini?"

Nilimtazama, nikidhani atajaribu lile neno refu au atanigeukia mimi nimsaidie. Alichagua jani moja gumu, akalitupa pembeni.

"Mwili," akasema.

Yule mtu alingoja aendelee. Wote walingoja. Mwenye shamba aliendelea kuchambua, jani kwa jani, bila haraka, mpaka karani akaita zamu yake, akanyanyuka na kufunga gunia.